Kabla ya kuahidiwa tani za chuma, Moba iombe hesabu

Neno « chuma » limerudi kwa nguvu katika habari za Congo. Mwaka 2025 serikali ya Kinshasa ilitangaza mradi mkubwa wa madini ya chuma cha Grande Orientale, unaoitwa MIFOR, na tangu hapo watu wanazungumza juu ya mabilioni ya tani zilizo chini ya udongo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Watanzania nao wanangoja chuma cha Liganga kwa miaka mingi. Katika hali kama hii, haitashangaza siku moja mtu akifika Moba, akapanda hadi Kirungu na karatasi nzuri mkononi, akawaambia machifu na vijana kwamba tanuru la kuyeyushia chuma litatoa tani elfu kadhaa kila mwaka.

Siku hiyo, swali la kwanza lisiwe « kazi ngapi ? » wala « dola ngapi ? ». Swali la kwanza liwe hili : tani hizo zimehesabiwa namna gani ?

Kwa maana hesabu ya tanuru si siri ya mainjinia. Ni hesabu ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuifanya ubaoni, na wazee wa pande hizi waliifanya kwa macho na mikono miaka mingi kabla ya Wazungu kufika Mpala mwaka 1883.

Wahunzi wa Watabwa na wenzao Wafipa, walio ng'ambo ile ya ziwa, walijua kutoa chuma katika jiwe. Matanuru ya Wafipa yanajulikana sana : yalijengwa kwa udongo, marefu kama meta tatu, na mirija ya udongo chini yake ili upepo uingie wenyewe bila mvukuto. Yaliwaka siku kadhaa. Kilichotoka kilipelekwa katika tanuru dogo lenye mvukuto, kikasafishwa, kisha kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Jembe lilikuwa chombo cha kazi, na pia lilikuwa mali : lililipia mahari na lilibadilishwa na bidhaa nyingine. Kwa Waluba, hadithi za asili ya ufalme wao zinamkumbuka Kalala Ilunga kama mtu wa uhunzi, na fuawe ni alama ya utawala.

Wazee hao hawakuchukua jiwe lolote. Walichagua jiwe zito, jekundu au jeusi, na kuacha lile lenye mchanga mwingi. Kemia ya leo inaeleza sababu. Katika tanuru lao, mchanga ulio ndani ya jiwe huyeyuka pamoja na chuma na kukimbia nacho kama mavi ya chuma. Kila kilo moja ya mchanga huweza kuondoka na karibu kilo 1.86 za chuma.

Mfano ni huu. Kilo 100 za jiwe zuri zina chuma kilo 56 na mchanga kilo 15. Mchanga huo utachukua karibu kilo 28 za chuma. Zitabaki kilo 28 kwa mhunzi, na pembeni litalala rundo la mavi ya chuma la kilo 51. Sasa lichukuliwe jiwe lingine, ambalo kwa macho ni karibu sawa : chuma kilo 49, mchanga kilo 25. Mchanga utachukua kilo 46 na nusu. Mhunzi atabaki na kilo mbili na nusu tu baada ya siku nzima za moto. Mawe mawili yanayofanana, mavuno mbalimbali kabisa. Ndiyo maana wachunguzi wa mambo ya kale wanapofika kwenye rundo la mavi ya chuma hulipima uzito wake na kuangalia mna nini ndani yake : rundo hilo linasema chuma kiasi gani kilitoka.

Somo la kwanza basi ni hili : tani za jiwe si tani za chuma. Anayetangaza « mamilioni ya tani ardhini » bila kusema kila tani ina chuma kiasi gani na uchafu gani, bado hajasema kitu.

Tanuru kubwa la kisasa, lile ambalo Wafaransa huliita haut fourneau, lilishinda shida ya mchanga kwa njia nyepesi. Humwagiwa mawe ya chokaa pamoja na mawe ya chuma. Chokaa hushikana na mchanga badala ya chuma kushikana nao, na karibu chuma chote hubaki. Lile jiwe la kilo 56 litatoa karibu kilo 58 za chuma ghafi, kwa sababu chuma hicho hunywa pia kaboni kidogo kutoka kwenye makaa. Kwa upande huu jimbo la Tanganyika lina bahati : mawe ya chokaa yapo, na kiwanda cha saruji cha Kabimba, kusini mwa Kalemie, kilijengwa kwa ajili yake.

Lakini chokaa ni sehemu ndogo ya chakula cha tanuru. Ili kupata tani moja ya chuma ghafi kwa jiwe zuri lenye chuma asilimia 60 na zaidi, inahitajika karibu tani moja na nusu hadi 1.6 ya jiwe, chokaa kadiri ya uchafu uliomo, hewa nyingi ya moto inayosukumwa kwa mashine mchana na usiku, na makaa. Hapo kwenye makaa ndipo miradi mingi ya Afrika ilipokwama.

Tanuru kubwa halili makaa yoyote. Linataka koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa mpaka yakawa magumu kama jiwe na yenye matundu. Yanapaswa kubeba uzito wa mawe yaliyo juu yake bila kusagika, na kuacha upepo upite. Makaa yakigeuka vumbi, upepo unazibwa na tanuru linakosa pumzi. Karibu na Kalemie kuna makaa ya mawe ya Lukuga, yaliyochimbwa wakati wa ukoloni. Wakaaji wengi wanayajua na wengine huyataja kama jibu. Lakini makaa hayo yana majivu mengi na hayashikamani kuwa koki. Yanaweza kuchoma saruji au kuchemsha maji ya mashine. Kulisha tanuru kubwa la chuma ni jambo lingine.

Bila koki, kunabaki njia ya makala, haya haya yanayouzwa kwa gunia sokoni. Njia hiyo si ndoto : Brazil inatoa chuma kingi kwa makala mpaka leo. Basi ifanyike hesabu kwa tanuru dogo, la ujazo wa meta za kyubiki 100 tu. Matanuru ya dunia yanayotunzwa vizuri hutoa karibu tani mbili kwa siku kwa kila meta ya kyubiki. Mwenye karatasi nzuri atazidisha haraka : 100 mara 2 mara siku 365, ni tani 73,000 kwa mwaka. Namba hiyo itaandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa izidishwe namba ambayo haitaandikwa. Kila tani ya chuma hapo inataka karibu tani 0.7 ya makala. Tani 73,000 zinataka makala tani 51,100. Katika tanuri la udongo linalotumiwa na wachomaji wa hapa, tani moja ya makala hula karibu tani saba za kuni. Hizo ni tani 357,700 za miti. Ikikadiriwa kwamba hekta moja ya msitu wa miombo inatoa tani 50, zitakatwa hekta zaidi ya 7,100 kila mwaka, yaani kilometa za mraba 71. Na kwa kuwa miti hiyo inahitaji kama miaka 25 ili irudi, tanuru moja dogo litahitaji kuzunguka kwenye karibu kilometa za mraba 1,800 za msitu, bila mtu mwingine kuzigusa kwa shamba, kwa kuni za nyumbani wala kwa malisho ya ng'ombe.

Makadirio haya yanaweza kupandishwa au kushushwa. Tanuri la makala la matofali lina hasara ndogo kuliko la udongo. Miti ya kupandwa inakua haraka kuliko miombo. Lakini hata yakigawanywa kwa mbili, swali linabaki mezani : msitu huo uko wapi ? Juu ya Marungu, misitu inayobaki mingi iko kwenye mabonde ya mito kama Mulobozi na Lufuko, na imekwisha kupungukiwa. Mito hiyo ndiyo inayonywesha mashamba na kushuka hadi ziwani. Kukata miti ya bonde ili kuyeyusha jiwe ni kuuza kisima ili kununua ndoo.

Hesabu ya kweli inaanza upande wa pili. Mtu asiulize tanuru linaweza kumeza kiasi gani, bali nchi inaweza kulisha kiasi gani. Ikiwa wakaaji, machifu na wataalamu wa mazingira watakubaliana kwamba hekta 1,000 za miti ndizo zinazoweza kutolewa kila mwaka bila kuharibu kitu, basi hizo ni tani 50,000 za kuni, tani 7,100 na kidogo za makala, na chuma karibu tani 10,200. Tanuru ni lile lile. Lakini kutoka tani 73,000 za karatasini, zimebaki 10,200. Ni kama sehemu ya saba.

Anayedhani hesabu hiyo ni ya kukatisha watu tamaa atazame Maluku, jimboni Kinshasa. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, kilijengwa pale kiwanda cha chuma chenye uwezo wa tani 250,000 kwa mwaka. Kilitegemea umeme wa Inga na vyuma vya zamani, vile vinavyoitwa mitraye, kwa sababu mawe ya chuma ya Congo yenyewe hayakuwa yakichimbwa. Mitraye haikutosha, chuma chake kilikuwa ghali kuliko kile cha kutoka ng'ambo, na kazi yake haikupita karibu sehemu ya kumi ya uwezo ulioandikwa. Mashine hazikuwa na kosa. Walioandika namba walihesabu tumbo la tanuru, wakasahau kuhesabu chakula chake. Deni lilibaki kwa nchi.

Tanzania nayo ina somo. Mwaka 2011 shirika lake la maendeleo, NDC, lilitia sahihi na kampuni ya China, Sichuan Hongda, juu ya chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Hesabu ya Liganga inataja tani milioni 126 za jiwe. Lakini jiwe hilo lina titani nyingi ndani yake, na titani hufanya mavi ya chuma kuwa mazito kama ugali ndani ya tanuru la kawaida. Zaidi ya miaka kumi imepita na tanuru halijawaka. Zimbabwe, kwa upande wake, iliona tanuru la Redcliff likizimika mwaka 2008, kisha mwaka 2024 tanuru jipya la Manhize likawashwa, na awamu yake ya kwanza imepangwa kwa tani 600,000 kwa mwaka. Tofauti si bahati. Zimbabwe ina makaa ya Hwange yanayofaa kuwa koki, na mwekezaji alikuja na fedha na soko lake.

Kwa nini mambo haya yamhusu mkulima wa Moba ? Kwa sababu ahadi zote anazopewa zinakatwa kutoka kwenye namba ile ya kwanza. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaweka ushuru wa asilimia 1 kwa madini ya chuma. Katika ushuru huo, asilimia 15 ni za sekta au usultani ambamo kazi inafanyika. Kampuni inapaswa pia kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Ikichukuliwa bei ya mfano ya dola 400 kwa tani, chuma cha tani 73,000 kinaleta dola 43,800 kwa mwaka kwa usultani, na dola 87,600 kwa mfuko wa maendeleo. Chuma cha tani 10,200 kinaleta dola 6,120 na dola 12,240.

Kati ya hesabu hizi mbili kuna shule nzima. Wakaaji watakubali kuhamisha mashamba yao kwa sababu ya shule iliyohesabiwa kwa namba ya kwanza, kisha watalipwa kwa namba ya pili. Na makaratasi yatakuwa sawa kabisa, kwa sababu asilimia haikubadilika. Kilichobadilika ni tani. Watu wa Manono wanajua ladha ya jambo hili : wameambiwa juu ya litiamu ya mamia ya mamilioni ya tani za jiwe, halafu wakatazama miaka ikienda katika kesi za makampuni.

Wapo watakaosema kwamba maswali mengi yanafukuza wawekezaji, na kwamba Moba, yenye barabara mbovu na vijana wasio na kazi, haina nafasi ya kuchagua. Hoja hiyo ina uzito. Njaa ya kazi ni ya kweli. Lakini mwekezaji wa kweli amekwisha kufanya hesabu hizi kabla ya kupanda boti. Sheria yenyewe inamtaka alete uchunguzi unaoonyesha kwamba mradi wake unawezekana, pamoja na uchunguzi juu ya madhara kwa mazingira na watu, kabla ya kupewa ruhusa ya kuchimba. Anayefukuzwa na swali « makaa yatatoka wapi ? » ni yule asiye na jibu, na huyo ni heri aende mapema.

Tena kuhesabu hakuishii kwenye kukataa. Kunaweza kuonyesha njia ndogo iliyo bora. Wahunzi wa Moba leo hawayeyushi jiwe. Wanafua majembe na mapanga kwa vyuma vya magari ya zamani. Kuyeyusha tani moja ya mitraye kwa umeme kunataka karibu kilowati-saa 500. Megawati moja ikifanya kazi mchana na usiku inatosha kwa tani 48, na hata kama zaidi ya nusu ikipotea kwa kusimama na kwa mashine mbovu, zinabaki tani 20 kwa siku. Kwa siku 300 ni tani 6,000 kwa mwaka, bila kukata mti. Ni zaidi ya nusu ya kile ambacho hekta 1,000 za msitu zingetoa.

Hapo pia lazima kuhesabu chakula. Kituo cha umeme cha Bendera kina karibu megawati 17 kwenye makaratasi, na Kalemie inazililia. Tani 6,000 za mitraye kila mwaka si kidogo. Mabehewa na meli za zamani zitakwisha siku moja. Lakini hizo ni namba ambazo jimbo linaweza kuzikagua lenyewe, kwa miguu na kwa daftari, bila kungoja mtu kutoka mbali.

Kinachotakiwa sasa si kikubwa. Serikali ya jimbo na wabunge wake waweke kanuni moja : mradi wowote wa kuyeyusha madini utakaoletwa mbele ya wakaaji uje na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye mistari saba. Jiwe lina chuma asilimia ngapi na mchanga kiasi gani. Makaa ni ya aina gani na yanatoka wapi. Chokaa ni kiasi gani. Umeme ni megawati ngapi, na ni nani atakayeukosa. Tanuru litafanya kazi siku ngapi za kweli katika mwaka. Chuma kitasafirishwa kwa njia gani, kwa sababu tani 73,000 kwa lori la tani 20 ni safari 3,650, kumi kila siku, hata siku ya mvua. Na mwisho, kati ya mambo haya yote, ni lipi dogo kuliko mengine, maana hilo ndilo litakaloamua tani.

Ukurasa huo usomwe kwa sauti Kirungu, Moba-Port na vijijini, mbele ya machifu, walimu, wamama wa soko na wahunzi, na nakala yake ibaki kwa usultani. Ahadi ni deni. Lakini deni lisiloandikwa hesabu yake, hakuna anayeweza kulidai.